Mguu wa Kushoto wa Mama Emeliana

Sikulazimishi uamini. Niliowasimulia kabla yako wamecheka, na mmoja akanishauri nipunguze kukaa mbele ya kompyuta. Lakini haya yamenitokea mimi mwenyewe, Tandika, mchana kweupe, feni ikizunguka na mama wa chipsi wa ng'ambo ya barabara akigombana na mteja. Kama ingekuwa usiku ningesema ni ndoto. Haikuwa usiku.

Mimi nina fremu ya steshenari. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za paspoti, ila kinachonilisha hasa ni wasifu wa marehemu. Unaijua ile karatasi inayosomwa msibani kabla ya mwili kuondoka: marehemu alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliugua, ameacha. Watu wanatoka hadi Mbagala kuja kwangu, kwa sababu ninavyoandika mimi, hata asiyemjua marehemu analia. Na nikupe siri ya kazi yetu: hatuanzi na karatasi tupu. Tunafungua faili la marehemu aliyepita, tunafuta yake, tunaandika ya huyu mpya. Ndiyo maana kuna siku unasikia msibani marehemu alisoma shule ambayo hakuwahi kuiona, ukoo mzima ukatazamana.

Fremu yenyewe ni ya Mama Emeliana, chumba cha mbele cha nyumba yake. Kama umri wako ni wa baba yangu unamjua, alikuwa mwimbaji wa bendi ya dansi, na sauti yake bado wanaipiga redioni Jumapili mchana, wakati wa nyimbo za zamani. Vijana hawamjui. Alitoka Bukoba msichana, akaolewa hapa, akafiwa na mume. Nilipofika mjini sina ndugu wala mwenyeji, ndiye aliyenipokea. Ndizi zake nimekula kuliko za mama aliyenizaa.

Sasa mchezo. Rafiki yangu aliniunga kwenye kundi la mtandaoni linaloitwa Kikosi cha Udongo. Kila Januari mosi unataja watu kumi na mmoja, maarufu, walio hai, ambao unaona hawatamaliza mwaka. Akifa mmoja, umefunga goli. Aliyetajwa na wengi ni goli moja. Ukiwa umemtaja peke yako, ni matatu. Siku hiyo ikiisha, kikosi kinafungwa na hakuna kubadilisha mchezaji mpaka mwaka ugeuke. Pesa hakuna. Mshindi anawekewa taji kwenye picha yake, basi. Utauliza watu wazima tunapata nini hapo. Nami nimejiuliza sana. Nadhani ni ile raha ya kujua kabla ya wengine. Mimi udaku ndio ugonjwa wangu. Nikiona watu wamekusanyika, nashuka kwenye bodaboda nikaulize kuna nini.

Nilipanga mawaziri wastaafu wawili watatu, mhubiri mmoja, wazee wengine maarufu, na mchezaji mpira wa zamani aliyesifika nchi nzima kwa mguu wake wa kushoto. Nafasi ya kumi na moja ikanishinda. Siku hiyo hiyo Mama Emeliana akanipa makaratasi yake ya hospitali nimtolee kopi. Niliyasoma. Kila mtoa kopi anasoma, asikudanganye mtu. Nilivyoona kilichoandikwa, machozi yakanilengalenga, nilimhurumia kweli. Kisha nikamwandika namba kumi na moja, maana nilijua katika kundi zima hakuna mwingine atakayemkumbuka. Magoli matatu.

Mwezi wa tatu, saa saba mchana, akaingia mwanamume wa makamo. Shati jeupe la mikono mirefu, raba za kijani. Najua unasubiri niseme alikuwa na kwato. Hakuwa na kwato, nilichungulia. Kitu kimoja tu: joto lile kila anayeingia kwangu anajipepea au anaomba maji, yeye alikuwa mkavu kama karatasi iliyotoka kwenye rimu sasa hivi.

"Za kazi, braza. Nataka wasifu."

"Pole kwa msiba. Marehemu ni nani?"

Akamtaja yule mchezaji wa mguu wa kushoto.

"Mbona mzee yupo? Juzi tu nimemwona kwenye runinga."

"We andika. Tarehe acha wazi."

"Na we nani yake?"

"Msemaji wa familia."

Nikatulia. Kila msiba una msemaji wa familia, ndiye anayejibu maswali na kuishukuru kamati. Nikajua mzee yuko mahututi na ukoo umeamua kujiandaa, siku hizi watu wanajiandaa. Akasimulia, nikachapa, akachukua nakala yake akaenda. Siku ya tatu redio ikatangaza. Kundi likalipuka kwa pongezi, lilikuwa goli langu la kwanza. Nilifurahi? Nilifurahi, nisikufiche. Na badala ya kuogopa, nikaanza kumsubiri yule mtu arudi. Nilitaka kujua anajuaje.

Alirudi baada ya wiki mbili, saa ile ile, raba zile zile.

"Leo mwanamke," akasema, akakaa kwenye kiti cha wateja. Akataja jina la Mama Emeliana, na la baba yake, na jina la kikwao ambalo hata mie sikuwahi kulisikia.

"We msemaji wa familia ipi?"

"Zote."

"Sasa kwa nini uje kwangu?"

"Wasifu unaandikwa na mfiwa," akasema, taratibu, kama mwalimu anayerudia somo. "Aliyemtaja ni wewe, basi mfiwa ni wewe. Au ulidhani kumtaja mtu ni bure?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungezima kompyuta ukatimua mbio, sivyo? Nami nilishasimama. Lakini akaanza kusimulia. Akasema jinsi Emeliana, akiwa msichana, alivyofungiwa ndani na baba yake asiende kuimba, naye akapita dirishani na viatu mkononi. Jinsi alivyopanda jukwaani na mimba ya miezi minane. Jinsi mtoto yule alivyofariki kabla ya kupewa jina, na kwamba ule wimbo wake ambao sote tunaucheza harusini tukidhani ni wa mapenzi, alimwimbia mtoto huyo. Miaka tisa nakaa na mama huyu na hajawahi kuniambia neno. Nikakaa. Nikafungua faili la mwisho nililomchapia, kama kawaida yetu, nikaanza kufuta na kuandika. Amini usiamini, nilikuwa nachapa huku nalia, na huku nataka aendelee.

Alipofika kwenye ugonjwa akaniachia. "Hapo chini unapajua mwenyewe," akasema. Nikachapa ugonjwa kama nilivyousoma kwenye makaratasi yake, nikaprinti bila kupitia. Akaikunja karatasi mara mbili, akaaga vizuri kabisa, akatoka.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Nikafunga fremu, nikazunguka nyuma. Mama Emeliana alikuwa amelala kwenye kochi, anavuta pumzi kwa shida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mbio, mwanangu? Umekutana na nyoka?"

Siku tatu sikufungua kazi. Niliwaambia wateja nina malaria, nikakaa pembeni ya kochi lile nikihesabu pumzi zake. Nilijaribu kumtoa kwenye kikosi, kikosi kimefungwa. Nilimwomba msimamizi wa kundi, akanitumia picha ya mtu anayecheka. Nilisali sala zote nilizofundishwa utotoni na nyingine nikazitunga. Siku ya tatu nilimshika mkono tangu alfajiri. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Jioni akafumbua macho akaomba ndizi.

Nikaenda mbele mbio, nikawasha kompyuta, nikasoma kile nilichokichapa. Sehemu ya maisha yake ilikuwa yake. Lakini aya ya mwisho sikuigusa, ilikuwa bado ya marehemu wa kwanza. Ilisema Emeliana ameacha mke mmoja na watoto saba, na kwamba taifa litamkumbuka daima kwa mguu wake wa kushoto.

Nilicheka mpaka mama wa chipsi akaja kuchungulia.

Kesho yake msemaji akaingia. Hakukaa. Ile karatasi aliirusha mezani, imechakaa kama imepita mikono mingi.

"Umeniaibisha. Nimerudishwa."

"Umerudishwa wapi?" Ndiyo, niliuliza. Hata hapo udaku haukuniacha.

"Kwenye mapokezi. Wameisoma mpaka mwisho wakasema huyu siye. Rekebisha aya moja tu, braza, unipe nakala safi."

"Sirekebishi."

Nilidhani atanikaba. Nilidhani paa litaruka. Akanitazama tu, na nakuapia, usoni mwake hapakuwa na hasira, palikuwa na huruma, nami nikaichukia huruma ile kuliko ambavyo ningechukia hasira.

"Sawa," akasema. "Mie sina haraka. Atakayekuwa na haraka atakwambia mwenyewe." Akatoka juani, na tangu siku hiyo sijamwona.

Huu ni mwaka wa tatu sasa. Kikosi kilipofunguliwa Januari nilimtoa Mama Emeliana, kisha nikajitoa mwenyewe kwenye kundi. Haikusaidia. Faili nimelifuta mara nne. Nikiwasha kompyuta asubuhi nalikuta pale pale. Na watu wananipa pole. Wasionijua kabisa. Nanunua nyanya sokoni, muuzaji anarudisha mkono nyuma, ananiambia "pole kwa msiba, kaka," halafu anashangaa mwenyewe kwa nini kasema hivyo. Keko nilikwenda kuchukua meza ya kompyuta, fundi akasimamisha randa, akavua kofia.

Lakini hayo ni yangu, nayabeba. Shida ni yake. Mama Emeliana hakufa, na hakupona. Ugonjwa haukusimama pale aliposimama yule msemaji, uliendelea na kazi yake. Sauti ilikwenda kwanza. Kisha miguu. Sasa namgeuza kitandani kama mtoto, na nikimgusa tu analia, ingawa nimejifunza kumgusa polepole. Daktari mmoja alisoma faili lake, akamtazama, akalisoma tena, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina uhakika makaratasi haya ni ya mama huyu. Ndizi hali tena. Nampa uji kwa kijiko, vijiko vitatu, vinne, basi.

Mwezi uliopita nilimwambia yote. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda nikamwambia kuhusu kopi, kikosi, namba kumi na moja, yule mtu na raba zake. Nilimsomea wasifu wake mwanzo mpaka mwisho. Kwenye mtoto alifumba macho. Kwenye mguu wa kushoto alicheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika, mpaka ikabidi nimfute machozi.

Kisha akaniita kwa kidole. Nikasogeza sikio mdomoni mwake.

"Kwa hiyo ni wewe, mwanangu."

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Akavuta pumzi, ikachukua muda. "Ila karekebishe."

Kila siku ananiomba. Haniombi kwa hasira. Ananiomba kama alivyokuwa akiniomba nimfungie dirisha mvua ikinyesha. Na kila siku nakwenda mbele, nafungua faili, naweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, nashindwa. Kwa sababu aya hiyo nikiiandika sawasawa, nitakuwa nimemtaja mara ya pili, na safari hii nikijua ninachofanya. Nisipoiandika, kesho namgeuza tena, atalia tena. Niambie wewe, mwana wa watu, lipi ni pendo hapo? Nimewauliza padri na shehe. Kila mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole kwa msiba.

Najua ule mchezo bado upo, na majina mengine siku hizi ni ya vijana wadogo, wasanii, watoto wa juzi. Labda na wewe umo. Labda umeshapanga wako kumi na mmoja na unasubiri redio itangaze. Basi nisikie. Usimtaje mtu unayemjua. Na yule usiyemjua, kumbuka yupo mtu anayemgeuza kitandani.