Nimefuta Ndoa za Parokia Nzima

Mhariri, jina langu lifiche kabisa, na parokia usiitaje, maana hapa Musoma tunajuana hata kwa mwendo. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, nina mke na watoto wawili, naishi Mwisenge, na ni karani wa parokia.

Tangu biashara zifunguliwe, mitumba ya kila aina inaingia, na parokiani kwetu wafadhili walileta kompyuta moja iliyotumika. Daftari letu la ubatizo na ndoa lilikuwa limeliwa na mchwa, kwa hiyo nilikaa mwaka mzima nikichapa majina yote, ukurasa kwa ukurasa. Nilipomaliza nikamwambia Padri, "Baba, sasa tuko salama, hilo daftari halina kazi tena." Akalichoma nyuma ya jiko. Maneno hayo niliyasema mimi, hakuna aliyenilazimisha.

Sasa, mjini kuna fundi wa kompyuta, nitamwita Magesa. Dukani kwake ndiko tunakobishana sisi wachache tunaojua mashine hizi. Mzungu mmoja aliyewahi kujitolea huku alinitumia kwa posta CD yenye mfumo wa kompyuta unaotolewa bure, ulioachwa wazi ili yeyote aufungue, aurekebishe na amgawie jirani. Nilizama moja kwa moja. Niliona ni aibu mji mzima kutumia programu za kunakiliwa kwa wizi wakati hii ya halali ipo, na nikalisema hilo kwa sauti. Magesa akanicheka mbele za watu.

"Wewe umesahau duka la ushirika?" akasema. "Tulikuwaga tunaambiwa duka ni letu sote, tunapanga foleni tangu asubuhi na sukari hakuna. Kitu cha bure kikiharibika, utamlilia nani?"

"Lile duka lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikaa nao meneja," nikamjibu. "Huu ufunguo anapewa kila mtu."

Watu wakapiga makofi, Magesa akanuna, mimi nikavimba kichwa. Nikaapa palepale kwamba nitauweka mfumo huo kwenye kompyuta ya parokia, aje aone kwa macho yake.

Ili kuuanzisha, CD peke yake haikutosha, zilihitajika disketi, na disketi mpya hazikupatikana mjini. Nikachukua zile nilizokuwa nimehifadhia nakala ya majina, ndani ya kopo la maziwa. Nikajiambia, si majina yamo ndani ya kompyuta? Nikaandika juu yake. Kisha mashine ikaniuliza kwa Kiingereza kama itumie diski yote ya ndani. Nilidhani inaniuliza kama nataka nafasi kubwa, nikakubali. Ikawaka vizuri mno, nikacheka peke yangu ofisini. Siku ya pili mtu akaja kutaka cheti cha ubatizo, nikayatafuta majina, ndipo nikaelewa nilichofanya. Kukubali kule kulikuwa kumefuta kila kitu.

Sikumwambia mtu. Vyeti nikawa naandika kwa kuwachota wenyewe maneno: ulibatizwa lini, msimamizi wako ni nani vile? Nilijiona mjanja.

Kwaresma hii Padri akatangaza ndoa ya bwana mmoja wa Bunda na binti wa hapa, itakayofungwa baada ya Pasaka. Kesho yake akaja mama mmoja wa Kigera. Akasema huyo bwana alishamuoa binti yake, hapahapa kanisani kwetu, akamtelekeza na watoto watatu na kuondoka na cheti. Bwana anakana, anasema ile ilikuwa ndoa ya nyumbani, ya ng'ombe tu. Padri aliyewafungisha alisharudi Ulaya akafa, na wasimamizi wote wawili ni marehemu. Padri wetu akanigeukia. "Karani, maandishi ndiyo yatasema. Yakiwepo nasimamisha, yasipokuwepo nafungisha."

"Majina ni mengi, Baba," nikasema, "nipe muda nitafute."

Najilazimisha kukumbuka kama jina lile nililichapa. Kuna saa naliona kabisa, halafu nahisi ni woga unaniletea. Nikisema halipo, huenda namdhulumu mwanamke na watoto wake. Nikisema lipo, huenda namsingizia mtu. Nikisema ukweli, kazi imekwisha, na mji mzima utasema vya bure ndivyo vilivyo, wakati kosa ni langu, si la mfumo ule. Mnaona? Hata sasa bado nabisha!

Mama yule huja kila siku baada ya misa ya asubuhi, anakaa kwenye benchi mbele ya meza yangu. Mimi nawasha kompyuta na kuchapachapa, aone natafuta. Juzi aliniletea mayai manne kwenye kitambaa. "Kula, baba, upate nguvu," akasema. "Mimi kusoma sijui, ila namwambiaga binti yangu, limo, karani ataliona tu."

Jana nimepita dukani kwa Magesa, nikamsikia akimshauri mteja aliyefuta barua zake. "Kilichofutwa hakiondoki mara moja, naweza kukipata. Ila usiiwashe tena. Kila ukiwasha ukaandika, unakifukia."

Kumbe kila asubuhi, mbele ya mama yule, nimekuwa nikiyafukia majina. Anayeweza kuniokoa ni Magesa peke yake, na kumwambia yeye ni kuuambia mji.

Leo sikuiwasha. Nimemwambia mama umeme hakuna. Akainua macho akaitazama taa ya ofisi, ilikuwa inawaka. Akajifunga khanga yake vizuri, akaendelea kukaa.

Ndugu wasomaji, naogopa. Nianze kwa nani: Padri, Magesa, au mama huyu? Nijibuni kabla ya Pasaka.