Avocat Aliyetangaza Kanisani

Siku moja naikumbuka, mwanangu, nilisimama mbele ya juge anayekata kesi pale tribunal ya Beni, nikitafuta avocat wangu, wakili wa kunitetea, kama kuku anayetafuta kifaranga. Kesho unavaa toge, ile joho ya avocat, donc kaa chini kwanza, usikie koko yako, mama ya mama yako.

Ilikuwa wakati ya vita. Babu yako alikuwa amekufa, na mimi nilikimbia na batoto mpaka Butembo. Nyuma, kaka yake mukubwa akaingia katika hii nyumba ya Beni, akasema mwanamuke hana urithi. Nikamushitaki, nikapata avocat kule Butembo, kijana mupole, Muprotestanti wa kila ibada. Akaniambia, "Mama, siku ya tribunal nitakuarifu." Nikangoja, habari haikuja. Siku yenyewe niliijua kwa jirani wa Beni, aliyemutuma shoferi wa lori. Nikapanda juu ya magunia ya maharagi, barrière kwa barrière, kila moja na askari, roho mukononi.

Juge, muzee wa mvi, akaita jina yangu. Hakuna mutu alisimama pembeni yangu. Mais avocat wangu nilimuona! Ameketi nyuma, anaangalia viatu vyake. Ni mugonjwa? Wamemununua? Ao mimi ndiye nimekosea siku?

"Nilijitoa katika kesi yake, bwana juge," akasema. "Huyu baba anayeshitakiwa, nataka kumuoa binti yake. Nilitangaza Jumapili, kanisani kwetu, kwamba nimejitoa."

Usicheke, wewe! Wakati ile simu hapana. Matangazo ya kanisa ndiyo ilikuwa posta yetu. Na sisi Banande, habari mbaya tunapenda ipite kwa mudomo ya mwingine.

Juge akanigeukia. "Mama, unasali wapi?"

"Kwa Bakatolika, baba."

Batu wakacheka. Mimi machozi ikashuka, hasira na haya pamoja. Ule muzee hakucheka.

"Kijana, kujitoa si kosa," akamwambia. "Mais hata wanaobeba mugonjwa mabegani kwa kipoyi, kitanda ya miti, mwenye kuchoka anaita, 'Nachoka, shika!' Haachilie tu mikono. Nasogeza hii kesi mbele. Utaenda kwake kwa miguu yako, umurudishie dossier, karatasi zake za kesi, umutajie siku mupya kwa mudomo yako, na umutafutie mwingine wa kushika."

Alikuja kweli. Alisimama mulangoni, jasho inamutoka. "Mama, niliogopa uso wako," akasema. Nikamupa kiti. Na ule mwingine aliyemuleta alishika vizuri, tukarudishiwa nyumba, ndiyo sababu mama yako alikulia humu ndani, na leo tunaketi humu.

Basi, mwanangu, siku ya tribunal mutu unayemutetea aisikie kwako, mapema. Ukishindwa kuendelea, mwambie akingali na nafasi ya kutafuta mwingine. Usione haya, muficha ugonjwa, kifo kinamuumbua. Na usitosheke kusema "nilitangaza." Uliza kama alisikia.

Mungu abariki mudomo yako, na miguu yako ifike kila mulango mbele ya habari mbaya. Amina.