Kamati Ilipopita Mbele ya Ukuta Wangu

Siku ile niliamka alfajiri nikapiga chokaa ukuta wangu wote wa mbele, nikauosha mlango kwa sabuni, nikawavalisha wanangu nguo za Ijumaa ingawa ilikuwa katikati ya wiki. Kamati ya kukagua nyumba ilikuwa ipite kwenye barabara yetu pale mtaani Buyenzi, nami nilitaka isimame kwangu kwanza. Niliona ni haki yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mke wa kwanza.

Mke wa pili aliishi ng'ambo ya barabara, karibu mkabala na mimi. Vita ndivyo vilivyomleta. Alikuwa amekimbia mitaa ya kaskazini, kule Gasenyi, mumewe wa kwanza ameuawa, yeye amebaki na binti mdogo mgongoni na sufuria moja mkononi. Mume wangu, fundi magari, alimpa chumba kwa ajili ya Mungu. Baadaye akaja kuniomba ruhusa ya kumwoa. Nilikubali. Ungesemaje apana mbele ya mjane mwenye mtoto? Watu wa msikitini walinisifu kwa moyo mwema, na kila waliponisifu nilisikia kitu kama mfupa wa samaki umekwama kooni.

Hata hivyo mwaka wa kwanza niliuvumilia. Kilichonishinda ni matao.

Mume wangu aliitwa kule mtaa wa matajiri wa Kinindo kutengeneza gari la wazungu wa misaada, akaona huko nyumba yenye baraza la matao matatu. Alirudi akiyachora kwa kidole kwenye vumbi, mbele ya mlango wangu, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ananichorea mimi. Wakati huo nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na simenti ilikuwa adimu kuliko nyama. Yeye akaipata kwa rafiki yake wa bandarini, mfuko mmoja mmoja kwa magendo, kila meli ilipofika kutoka Kigoma. Mkokoteni ulipita mbele yangu ukiwa umebeba mifuko ile, ukavuka barabara. Niliusikia ukipita, nikaendelea kuchambua mboga ya lengalenga.

Nyumba yangu ilikuwa ya matofali mabichi, aliyoijenga baba mkwe wangu tangu zamani za Wabelgiji. Ya mke mwenzangu ikapata matao matatu, ukuta wa vitofali vyenye matundu ya kupitisha upepo, na juu kabisa kizingo, ukuta mfupi wa saruji wa kuficha bati, kilichopanda kupita mabati ya majirani wote. Kisha mume wangu akaipaka rangi ya buluu. Wapita njia walikuwa wakisimama kuitazama, wanawake wenzangu wakaja kuniambia, "Bibi mukubwa, umeona?" Mimi nilikuwa naiona kila nilipofungua mlango.

Kamati ilikuwa imeundwa baada ya watu kuanza kurudi kwenye nyumba zilizoharibiwa. Kila mmoja alikuwa akiziba alivyoweza, huyu kwa turubai la wakimbizi, yule kwa mapipa ya mafuta yaliyopondwa. Wazee, ambao bado waliita Buyenzi kijiji, walisema kijiji chetu kimekuwa kama nguo ya mwendawazimu. Wakakubaliana kwamba nyumba zote zinazotazama barabara ya msikitini ziende kwenye mstari mmoja, ziwe na chokaa nyeupe, na ukuta usizidi ule wa jirani. Kulikuwa na sababu nyingine, iliyosemwa kwa sauti ndogo: nyumba inayojionyesha huita bunduki za waasi wa vilimani.

Basi walikuja. Mbele alikuwa shefu, mkuu wa mtaa, mtu mnene mwenye fimbo. Nyuma yake mzee aliyestaafu kazi ya kupima viwanja vya serikali, na mwisho mama mmoja mshonaji, mjane mwenye ulimi mkali. Nilisimama mlangoni, chokaa haijakauka vizuri. Shefu akatupa jicho.

"Hii tunaijua," akasema, akapita.

Hawakupunguza hata mwendo. Wakavuka kwenda kwenye matao, na huko wakakaa mpaka jua likapanda. Mzee mpimaji aliyapapasa matao kwa kiganja kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe wa mahari. Nilijifunga mtandio vizuri, nikavuka na mimi.

"Ni nzuri," alikuwa akisema mzee. "Mi ninasema kweli, ni nzuri. Tangu nilipoacha kazi sijaona fasadi, sura ya mbele ya nyumba, kama hii mu Buyenzi."

"Uzuri si kitu," shefu akamjibu. "Ile kizingo ya juu inaonekana toka mbali. Mutu wa kwenye vilima akitafuta pa kupiga, atapiga wapi?"

Mume wangu alisimama kando, mikono yake ya grisi nyuma ya mgongo. Mke wake alikuwa ndani ya tao la katikati, mtoto amemshika gauni. Alikuwa mzuri pale, wallahi. Tao lilimzunguka vizuri. Nilitamani libomolewe siku hiyohiyo nami nishike nyundo.

Mama mshonaji aliniona. "Na weye?" akaniuliza. "Unakaa mbele yake. Unasema nini?"

Watu wote wakageuka, mume wangu naye. Nilikuwa nimepanga maneno mengi usiku kucha, juu ya majivuno na juu ya wezi. Yote yakanitoka. Nikasema, "Mi nasema kitu kimoja. Hizi nyumba mbili ni za bwana mumoja. Kama munapima hii, mupime na yangu. Kwa nini yangu mumeipita kama choo?"

Mama mshonaji akacheka kidogo, akamwambia shefu, "Anasema haki. Twende."

Nikawaongoza kurudi kama mshindi. Mzee mpimaji alitoa uzi wenye jiwe, akauninginiza kutoka kwenye mabati. Jiwe likatulia mbali na ukuta chini, lakini juu uzi uliugusa. Akazunguka ndani. Akasukuma ukuta kwa mkono, na vumbi likamwagika kwenye kitanda changu.

"Mama," akasema kwa upole, "ukuta huu unakuja barabarani. Mvua moja tu. Watoto wanalala wapi?"

Nikamwonyesha. Wanangu walikuwa wakilala chini ya ukuta ule.

Uamuzi ulitolewa palepale. Matao yabaki, kizingo kipunguzwe hadi usawa wa mabati, buluu ifunikwe kwa chokaa. Ukuta wangu uvunjwe kabla ya mvua. Na sisi, mpaka ujengwe mwingine, tungekaa wapi? Shefu hakufikiri hata kidogo. Akaelekeza fimbo yake ng'ambo ya barabara.

Ndivyo nilivyohamia kwa mke mwenzangu. Nilivuka barabara na godoro kichwani mbele ya macho ya mtaa mzima, kwa neno langu mwenyewe.

"Karibu, yaya," alinipokea mlangoni, akiniita dada mkubwa kwa lugha ya kwao. Alikuwa amenitolea chumba cha mbele, kizuri kuliko vyote. Asubuhi mwanga ulipita kwenye yale matundu ukaanguka kwenye mkeka wangu kwa vipande vidogo, na upepo wa ziwa ukaingia bila kuitwa. Nilikuwa nimesema moyoni kwamba nyumba ile ni sura tu, ndani hakuna kitu. Haikuwa kweli. Ilikuwa nyumba nzuri ya kukaa, na kwa hiyo niliichukia zaidi. Wanangu walicheza barazani mchana kutwa. Mdogo aliniuliza kama tutalazimika kurudi.

Siku moja tunasafisha dagaa wa ziwani, ndagala, pamoja, nikamwuliza kwa nini yeye analala chumba cha nyuma, kisicho na dirisha.

"Mi siwezi kulala karibu na barabara," akasema bila kuinua kichwa. "Kule kwetu wauaji waliingia kwa mbele. Nilimwambia bwana wetu asijenge hivi. Nilimwambia, nijengee ukuta tu, murefu. Akasema nitazoea."

Nilimwonea huruma, lakini huruma ile haikuondoa ule mfupa wa samaki. Vyote viwili vilikaa kooni pamoja. Alikuwa amepewa kitu ambacho hakukiomba, nami nilikiomba kwa macho miaka yote.

Mume wangu alipoanza kuinua ukuta wangu mpya, kwa matofali ya kuchoma, nilimwambia nataka matao. Mzee mpimaji akaja, akatazama, akatikisa kichwa. Uwanja wangu ni mwembamba, akasema, matao yatakuwa kama mtu mfupi aliyevaa koti la jitu.

"Basi nataka dirisha," nikasema.

"Dirisha vizuri. Tutaweka katikati."

"Apana. Pale." Nikaonyesha pembeni kabisa, upande wa kushoto.

Mzee alisikitika. "Mama, litaharibu sura. Nyumba itakuwa kama mutu mwenye jicho moja. Kwa nini pale?"

Mume wangu, aliyekuwa ameshika mwiko, akatazama kutoka pale nilipoonyesha mpaka ng'ambo ya barabara. Mstari ulikwenda moja kwa moja kwenye tao la katikati, kwenye mlango wa mwenzangu. Akanitazama. Alielewa, na sikuinamisha macho. Akachota udongo, akaanza kulijengea dirisha mahali nilipotaka. Kamati ilinung'unika, mwishowe ikaliacha.

Nilirudi kwangu kabla ya mvua. Kuanzia hapo, siku zilizokuwa zamu ya mwenzangu, nilikaa dirishani nikimwona mume wangu anavuka na mfuko wake wa mkate, anainamisha kichwa kwenye tao ingawa lilikuwa juu ya kutosha. Hakuna nilichopata kwa kutazama. Nilitazama tu.

Jioni moja, zamu ikiwa yangu, mume wangu yuko ndani ananawa mikono ale, nilikwenda kufunga dirisha. Ng'ambo ya barabara mwenzangu alikuwa amesimama kwenye tao lake, peke yake, anatazama huku kwangu. Hakujificha. Tulitazamana kwa muda, kisha nikavuta pazia na kwenda kumpakulia bwana wetu chakula.