Diski za Nyuma za Gari la Maboksi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ya waya na bakuli la chuma lililoganda tope. Fomeni wa karakana ya shamba la miwa akasema, "Kijana, hiyo ndiyo drami ya breki. Ndani hukaa viatu viwili. Dereva akikanyaga, vinatanuka na kuikamata. Safisha, halafu safisha tena." Nikasafisha mara mbili. Tangu hapo kila kitu nafanya mara mbili, hata kuhesabu chenji ya mke wangu.

Miaka ya tisini ilinikuta Ifakara, karakana ya mradi wa mpunga, bado kibarua. Kibarua ni mtu anayefanya kazi ya kila siku kwa ajira ya leo tu.

Mkuu wa mradi, tuliyemwita Bwana Mhandisi, alikuwa na gari aliloliunga mwenyewe. Lilimfikia vipande vipande ndani ya maboksi: bodi ya faiba, viti viwili, limeinama chini kama kobe. Masika yakiingia, tope lilijaa kwenye drami za nyuma na breki zikaenda likizo. Akaagiza tumfungie diski, yaani sahani ya chuma iliyo wazi, inayobanwa na pedi pande mbili. Tope halina pa kujificha.

Fomeni wetu, mtu wa Mahenge, akanivuta pembeni. "Likivuka mto kwa kivuko kwenda Lupiro likarudi salama, nakupigania ajira ya kudumu. Likizama, hatujuani."

"Niandikie, mzee."

"Kalamu imekwisha wino."

Nikaenda kwa muuza skrepa kutafuta kalipa, zile koleo zinazobana diski.

"Hizi zimetoka kwenye gari la saluni la mkurugenzi, kaka."

"Mkurugenzi amekufa?"

"Gari ndilo limekufa."

"Basi unaniuzia marehemu. Punguza."

Akapunguza, akininunia.

Tukatoa drami na viatu vyake. Nikachonga breketi za kushikilia kalipa, tukatoa upepo kwenye mabomba ya mafuta ya breki hadi pedeli ikawa ngumu. Tukalijaribu barabara ya Mkula: likasimama nilipotaka mimi, si lilipotaka lenyewe.

Bwana Mhandisi akaja kulichukua, akavuta hendibreki. Mkono ukapanda mwepesi kama wa mwanafunzi anayeomba ruhusa. Gari likaanza kurudi nyuma taratibu, likagonga pipa la oili.

Waya wa hendibreki ulikuwa ukivuta vile viatu tulivyotoa. Kalipa zetu zilikuwa za magurudumu ya mbele, hazina pa kushika waya. Karakana nzima hakuna aliyekumbuka, maana bondeni kwetu hendibreki ilikuwa pambo. Foleni ikisimama kwenye mteremko wa kivukoni, utingo, yule msaidizi wa dereva, huruka na kusukumiza kabari ya gogo chini ya gurudumu. Hiyo ndiyo hendibreki tuliyokua nayo.

"Tutaweka kabari, bosi," Fomeni akasema.

"Ataiweka nani, nami nimekanyaga pedeli?"

Fomeni akanitazama. "Kiti cha pili kiko wazi."

Kalipa zenye pa kushika waya ziliagizwa Dar es Salaam, hazikufika. Basi nikaenda kivukoni na gogo mapajani. Mteremkoni tukasimama nyuma ya lori la mpunga, mto ukiwa chini yetu. Nikaruka, nikasukumiza. Gari likaegemea gogo, likatulia. Mama mmoja muuza samaki akaita, "Jamani, hata kigari cha kuchezea kina utingo!"

Tulirudi salama, na Fomeni alitimiza neno lake, simsingizii. Barua ya ajira ya kudumu ikaja. Cheo: utingo.

"Mzee, mimi ni fundi!"

"Nafasi ya fundi haipo, ya utingo ipo. Unataka kudumu au unataka cheo?"

Nikapatana naye hadi akaongeza gambuti, nikatia saini.

Vijana wa gereji huniuliza kipi bora, drami au diski. Diski. Ila kabla ya kung'oa cha zamani, uliza kilikuwa na kazi ngapi. Mimi niliendelea kufunga breki za mradi mzima na kuruka kila kivukoni, hadi nikastaafu. Mafao yalipokuja yalikuwa ya utingo. Sikubishana; magoti yalikuwa yamechoka, na mdomo nao ukaona upumzike.