Nyumba ya Watu Watatu

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikumbuki asubuhi niliyoacha kuita rejista. Wenzangu walipostaafu walitamani chaki. Mimi nilitamani rejista. Kwa hiyo liguru wetu, yaani mzee wa kijiji, aliponiomba niwe katibu wa kamati ya maafa, nilijivuta kidogo kwa adabu, kisha nikakubali kabla hajamaliza chai.

Maafa yenyewe hayakuwa mageni. Sisi tunakaa mteremkoni, upande wa Iguhu, ambako mahindi hupandwa hadi kwenye mawe na mvua hunyesha alasiri baada ya alasiri. Juu ya mlima ardhi ilikuwa imepasuka, ufa ambao mguu wa mtoto ungeingia wote. Kila mtu aliuona. Kila mtu aliuruka akienda kuokota kuni.

Tuliitwa Kakamega mjini, tukakalishwa ukumbini siku tatu, tukapewa kalamu na samosa. Mwongozo tuliopewa uliandikiwa nchi moja ya visiwani, mbali huko, na mtaalamu aliyetufundisha alitoka huko huko, mama mpole aliyevaa sweta muda wote kana kwamba Kakamega ni barafuni. Kurasa nyingi zilihusu mawimbi na vimbunga. Liguru akanyoosha mkono akauliza, "Sasa hii bahari itatufikia kwa njia gani? Itapitia Kisumu ama Nairobi?" Ukumbi mzima ulicheka, na yule mama alicheka nasi alipotafsiriwa swali.

Lakini jambo moja alilisema bila kucheka. Kwao, maafa yakitokea, waokoaji walikuwa wakipoteza muda kuchimba nyumba ambayo watu wake wamekwisha kutolewa, huku jirani akifa akisubiri. Ndipo wakaanza kuandika kwa rangi, juu ya kila mlango, idadi ya watu wanaolala humo. Idadi ikitimia, waokoaji hawabaki hapo hata dakika moja. Wanakwenda nyumba inayofuata. Hakueleza ni wangapi waliokufa kabla hawajajifunza hilo, nasi hatukumuuliza.

Nilipenda sana mpango huo. Ulikuwa na akili, na ulikuwa na rejista ndani yake. Niliporudi nyumbani nilitafuta kopo la rangi nyeupe iliyobaki kanisani, nikaanza kupanda mlima nyumba kwa nyumba.

Kuna kitu ambacho sikumwambia yule mama wa visiwani, na hata sasa sijui ningekitafsiri vipi. Kwetu watu hawahesabiwi. Muulize mama wa huku ana watoto wangapi, atakuambia ni wa Mungu tu. Ukimbana sana atakutajia idadi iliyopungua mmoja, ili mauti, kama yanasikiliza, yasijue jumla. Kukhu yangu, nyanya aliyenilea, alikuwa akinichapa kiganjani akinikuta nawanyooshea wenzangu kidole kimoja kimoja. Shuleni nilijitetea kwamba mimi siwahesabu watoto, nawaita majina.

Basi watu walinipokea kwa heshima lakini macho yao yalikuwa kwenye kopo la rangi. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hii hesabu ni ya blanketi ama ni ya majeneza?" Nilimjibu kwa ukali kwamba ni ya uhai. Mimi nina ulimi, kila mtu hapa anajua.

Nyumba ya mwisho ilikuwa juu kabisa, karibu na ule ufa. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke kijana, mgeni kwangu, ameolewa huku kutoka pande za Shianda. Mumewe alikata miwa huko huko na kuja nyumbani kwa nadra. Mama mkwe wake alikuwa ameketi barazani akipukuchua mahindi.

"Hapa mnalala wangapi, mama?"

"Tuko watatu tu, Mwalimu. Mimi, huyu mama mkwe na msichana wangu yuko shule."

Nyuma yake alisimama mtoto mwingine, msichana wa miaka minne hivi, ameshika leso ya mama yake kwa mkono mmoja na gunzi la mahindi kwa mkono wa pili. Mama yake hakugeuka. Mkono wake tu ulikwenda nyuma taratibu, ukamgusa mtoto kichwani, ukamsukuma ndani ya nyumba. Macho yake hayakuondoka usoni mwangu.

Nilimwona mtoto. Nataka hilo liwe wazi kwa anayesoma. Nilimwona vizuri, hata punje mbili za mahindi shavuni.

Na nilielewa. Sikuuita uongo. Kumuuliza mama yule, "Na huyu je?" kungekuwa ni kumtaja mtoto kwa sauti mbele ya kile alichokuwa akimficha. Nilichovya brashi nikaandika 3 juu ya mlango, nikaandika tatu katika rejista. Nikashuka mlima nikijisifu moyoni kwamba nimesoma na bado sijasahau mila.

Rejista yetu ilisifiwa mjini. Afisa mmoja aliinyanyua watu waione jinsi ilivyopigwa mistari. Niliisikia sifa hiyo hadi miguuni.

Mlima ulishuka wakati wa likizo, saa nane mchana, baada ya mvua iliyoanza asubuhi. Sauti yake ilikuwa kama trela la miwa likimwaga mzigo, ila haikuisha. Tulipofika, nyumba tatu hazikuwepo. Wanaume walikuja na majembe, sufuria na mikono mitupu. Mimi nilikuja na rejista, nimeifunga ndani ya mfuko wa nailoni isiloe.

"Nyumba ya juu watatu," nikasoma. "Ya katikati wawili. Ya chini wako sokoni, nimewaona kwa macho yangu."

Walianza juu. Mama mkwe walimkuta mapema, ameshakufa. Halafu wakamtoa mwanamke kijana, anapumua lakini hajitambui. Halafu msichana mkubwa, macho wazi, mdomo umejaa matope, hawezi kutoa neno. Alinitazama. Walimlaza mama yake juu ya mlango uliong'olewa, wote wawili wakashushwa barabarani mbio kupelekwa hospitalini. Udongo ulikuwa bado ukisogea, na kila mara mtu alipopiga kelele tulikimbia pembeni.

Liguru akanigeukia. "Mwalimu, hapa wameisha?"

Majembe yalisimama. Watu wote walikuwa wananisikiliza mimi.

Nilimkumbuka mtoto. Sikusahau, kama watu wanavyodhani wakiniona ninavyozeeka. Alinijia palepale, na gunzi lake. Nikajiambia kwamba labda yuko Shianda kwa kina mama yake, likizo ni likizo. Nikajiambia kwamba wale wa katikati wanasubiri. Hayo yote yangeweza kuwa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na jambo dogo, la aibu, ambalo sijamwambia hata padri: sikutaka kusema mbele ya watu wote kwamba rejista yangu ina kosa na nilijua.

"Wametimia," nikasema.

Wakashuka nyumba ya katikati. Haikupita nusu saa wakamtoa mzee na mkewe, wote wawili hai, wanakohoa. Sheria ya yule mama wa visiwani iliwaokoa siku hiyo, na siwezi kuisingizia. Watu walishangilia. Mtu mmoja alinipiga begani akasema, "Mwalimu, hiyo rejista yako imefanya kazi!" Nikatabasamu.

Jioni, kabla jua halijazama, simu ya liguru ililia. Mwanamke amezinduka hospitalini. Liguru alisikiliza muda mrefu, kisha akanitazama bila hasira yoyote.

"Iko mwingine," akasema. "Mtoto mdogo."

Walipanda tena mbio. Walimkuta uvunguni mwa kitanda, mahali ukuta ulipoegemea ukaacha nafasi. Matope yalikuwa yamemfika kifuani. Uso wake ulikuwa safi. Kijana aliyemtoa aliomba blanketi kwa sauti ya juu, kwa sababu mwili ulikuwa bado na joto. Niliushika mkono wake mimi mwenyewe. Ulikuwa na joto. Hakuwa na pumzi.

Hakuna aliyenilaumu. Kamati ilikaa, ofisi ya mjini ikaandika ripoti, na ripoti ikasema idadi iliyotolewa na familia haikuwa sahihi. Ilikuwa na nafasi ya sahihi ya katibu. Nilitia sahihi.

Tangu hapo nahesabu. Kanisani nahesabu vichwa, nikifika mwisho naanza tena kwa kuwa sijiamini. Mvua ikianza kunyesha mchana naweka kazi chini, nasimama mlangoni kusikiliza, na ninachosikia ni sauti yangu mwenyewe, ile sauti ya darasani, ikisema wametimia. Naogopa. Mtu wa umri wangu haoni haya kusema anaogopa, lakini sijawahi kusema naogopa nini. Namwona yule mtoto uvunguni, anasikia majembe juu yake, halafu anasikia yanaondoka.

Miezi miwili hivi baada ya mazishi, mama yake alikuja kwangu. Ilikuwa asubuhi yenye jua. Alikuwa amekonda, anachechemea, na kwapani amembeba kuku mweupe aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Nilimkaribisha kiti. Hakukaa.

"Mwalimu, nimekuja kukuuliza kitu moja tu," akasema. "Ile siku ya rangi. Mtoto alikuwa nyuma yangu. Ulimwona?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelibeba miezi miwili, na sasa mtu pekee aliyestahili kulisikia alikuwa amelifuata hadi mlangoni pangu.

"Sikumwona," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, akitazama chini.

"Nilikuwa nafikirianga uliona," akasema. "Usiku nikikosa usingizi naambianga roho yangu, kama Mwalimu aliona akanyamaza, basi si mimi peke yangu. Kumbe ni mimi." Akapangusa uso kwa mgongo wa mkono. "Unajua mbona nilimficha yeye? Kwa sababu ndiye nilipendanga zaidi. Nikasema hawa wengine Mungu anaweza kujua, lakini huyu hapana."

Ulimi wangu wote ule, na nilichofanya ni kumsogezea kiti tena.

"Wewe ulikuja na kazi nzuri ya kutuokoa," akasema, "na mimi nikakudanganya, mtu mzima. Nimekuja kuomba msamaha." Akamnyanyua yule kuku, akaninyooshea.

Nikamwambia nimemsamehe, na kuku nikampokea kwa mikono miwili.