Kivuli cha Mgunga wa Tabitha

Tulikuwa watatu siku hiyo hapa Longonot: mimi, Wanjiku mke wa mwanangu Kamau, na jirani yetu Cheptoo mwenye mbuzi, ambaye mamake tulibatizwa naye siku moja. Hakuna aliyekuwa mgonjwa wala aliyesinzia. Ilikuwa saa saba mchana. Niamini.

Mti ulikuwa wa rafiki yangu Tabitha. Alipomzika binti yake Rebeka, alipanda mgunga mchanga kando ya kaburi, mpakani na shamba langu, akauzungushia miiba. Kisha akaenda Naivasha kulea watoto wa marehemu. Aliniachia kazi ndogo: kila jioni nimwage maji ya kuoga kwa mkebe wenye matundu aliouzika karibu na shina, yashuke polepole mpaka mizizini.

"Miaka miwili tu, Mama Kamau. Ukishashika, utajitafutia maji wenyewe."

Mvua ilipokatika, yale maji nilipeleka kwa sukuma wiki yangu. Tabitha akipiga simu, namwambia, "Huu mti umenipita kimo!" Mimi huyu, wa kushika Biblia. Nao ulikuwa kijiti kikavu.

Mchana huo akaja msichana, leso imeshuka mpaka machoni.

"Shosho, nimechoka na jua."

Nikamwonyesha kiti chini ya mabati. Akasema asante, ako na kivuli chake. Akaenda akakaa pale kwa kijiti.

Cheptoo akacheka. "Mama Kamau, mgeni wako anajianika kama omena?"

Halafu akanyoosha kidole. Sote tuliona. Yule msichana alikuwa ndani ya kivuli, kipana, chenye madoa ya jua kama yanayopenya kwa majani. Majani gani? Wanjiku alimpelekea maji, akarudi akisema huko kuna baridi.

Nikaenda mwenyewe. Nikasimama hatua moja kutoka kwake, na jua likanichoma utosini. Nikanyoosha mkono, ukabaki juani. Akainua uso. Alikuwa Rebeka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniumiza.

"Mama anasema umekupita kimo."

Kufumba na kufumbua, hapakuwa na mtu.

Mngedhani nilitubu? Tabitha alipokuja Jumamosi, nilimwambia mbuzi wa Cheptoo waliingia wakala mti. Cheptoo alikuwa amesimama hapo hapo. Aliniangalia, akainamisha kichwa, akanifichia uongo wangu. Mpaka leo Tabitha hamsalimii.

Nami tangu siku hiyo kivuli hakinipozi. Nikikaa na wamama chini ya miti ya kanisa, wao wanajifunika shuka, mimi natoka jasho kama niko shambani.

Ukiachiwa mti wa mtu, unyweshe. Ukikushinda, sema mapema, kabla uongo haujaota mizizi kuliko mti.

Tabitha, mbuzi hawakula mti wako. Ni mimi niliuua kwa kiu. Wanjiku, Cheptoo, mlikuwepo, na mimi ni mzee. Kama kuna mahali nimekosea, nirekebisheni, na mnirekebishe mbele ya watu.