Mista Jonsoni Aliyechelewa Maziko

Msiniambie nipoe, sijapoa na sitapoa leo. Ndiyo, mimi ndiye yule madam wa Kiingereza aliyesimamishwa mbele ya mkutano wa kijiji kule Mabira kama mwizi wa kuku, na waliotoa ushahidi ni wanafunzi wangu mwenyewe, na wakautoa vizuri, kwa utaratibu niliowafundisha kwa mdomo wangu huu huu. Aibu yake sijui niiweke wapi. Nyumbani kwetu Nyaishozi mama alishaipata habari kabla sijapanda hata bodaboda kwenda kumwambia, na aliponiona akaniuliza tu, "Na wewe ulikuwa unatafuta nini kwa mzee wa watu?"

Nilikuwa natafuta maksi za ufahamu, mama. Basi.

Maana kidato cha nne walikuwa wameshaingia kambini, wanalala shuleni wajiandae na mtihani wa taifa, na mtihani wa Kiingereza unaanza na ufahamu: unapewa habari, unaisoma, unajibu maswali, na ukiharibu pale umeanza mtihani mzima ukichechemea. Sasa vitabu tulivyonavyo (msiniulize nani alivitunga, nikimpata nitamweleza) habari zake zinahusu theluji. Mtu amefunga mbao miguuni anateleza mlimani kwenye theluji, amepotea, mbwa anamtafuta. Nikasoma, nikaeleza, nikachora ubaoni mpaka chaki ikaisha, mwishoni Projestus akanyoosha mkono. "Madam, hiyo barafu yote wameitoa kwenye friji ya nani?"

Nilikasirika, lakini si kwa Projestus, maana swali lake lilikuwa na akili kuliko kitabu kizima. Nilimkasirikia aliyeamua kwamba mtoto wa Mabira apimwe Kiingereza kwa kitu ambacho baba yake, babu yake na mwalimu wake hawajawahi kukitia machoni. Nikasema sawa, nitatunga habari yangu mwenyewe, ya kitu ambacho kila mtoto anakijua. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Kitu ambacho kila mtoto wa kwetu anakijua ni msiba. Mtu anazikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba yake, na wanaume wa kijiji wanafika asubuhi na majembe, wanachimba kwa kupokezana. Anayekuja wakati udongo umesharudishwa na masufuria yanafunuliwa, anapakuliwa kama wengine, ila anatazamwa. Hakuna anayemwambia kitu. Anatazamwa tu, na akiondoka ndipo anasemwa.

Basi nikatunga habari ya bwana mmoja mwenye kofia kubwa na redio kwapani, ambaye hafiki msibani mpaka kaburi lifukiwe, kisha anakula katogo, zile ndizi zetu zilizopikwa na maharage, sahani imejaa na kumsifia marehemu kuliko ndugu wa damu. Nikampa jina la Mista Jonsoni, kwa makusudi, kwa sababu Mabira nzima hakuna Jonsoni. Nilicheka peke yangu chumbani. (Redio naapa niliitunga. Kofia, sawa, kofia labda niliiona gulioni, lakini nani hajaona kofia?)

Nikampelekea mkuu wa shule. Aliisoma yote, nasema yote, mpaka swali la mwisho, akapiga meza kwa kicheko, akasema, "Madam, huu ndio ubunifu tunaoutaka!" na akaitoa kopi kwa mkono wake. Hilo mlishike, kwa sababu yeye alilisahau upesi sana.

Darasa likawaka moto. Hata wale wa nyuma wanaosinzia walinyoosha mikono. Na kwa kuwa ugonjwa mkubwa wa wanafunzi wetu ni kujibu wanayoyajua wao badala ya yaliyoandikwa, nikawakaririsha sheria ya ufahamu mpaka ikaingia kwenye mifupa: jibu liko ndani ya habari, usitoe jibu kichwani kwako, habari ikisema ng'ombe anaruka wewe andika anaruka, na kama haijasema, sema haijasema. Aliyejibu kwa akili yake nilimsimamisha. Nilikuwa mkali kwelikweli, nikijiona mwalimu bora wa wilaya nzima.

Jumamosi walikuwa wanaruhusiwa kwenda nyumbani kuchukua maharage na unga wa kambi, nikawapa na kazi. "Kila mmoja akawasimulie wa nyumbani kwake habari hii kwa Kinyambo, au kwa lugha yoyote wanayoongea. Bibi yako akielewa, ujue na wewe umeelewa." (Mbinu hiyo nilibuni mwenyewe. Nilitaka hata kuwaandikia watu wa elimu.) Wakaenda, wakasimulia, kwa sababu ni watoto watiifu, Mungu awabariki na anisamehe mimi. Mpaka Jumapili jioni hapakuwa na jiko Mabira ambamo Mista Jonsoni hajazungumziwa.

Wiki hiyo hiyo akafariki bibi mmoja ng'ambo ya kilima, na sisi walimu tukaenda kuzika. Udongo ulikuwa umesharudishwa, nimekaa na sahani yangu mkekani, namwona anatokea kwenye migomba Mzee Laurian. Mzee Laurian ni baba yake Editha, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, na nilikuwa nimezoea kumwona kwenye vikao vya wazazi, hana maneno, anakaa nyuma. Siku hiyo alikuwa na kofia kubwa. Na kwapani, jamani, redio.

Mwanamume mmoja aliyekuwa karibu na masufuria akapaza sauti. "Karibu sana, Mista Jonsoni! Katogo bado ya moto!"

Msiba wote ukacheka. Wafiwa wamekaa hapo, macho mekundu, na watu wanacheka. Nikaiweka sahani yangu chini. Mzee Laurian hakula, aliwapa wafiwa mkono wa pole, akageuka alikotoka, na njiani watoto wakampa habari nzima, ambayo kumbe Editha hakuisimulia kwao, naye akapitia shuleni moja kwa moja. Nilipofika nilimkuta ameshafunga godoro la Editha kwenye bodaboda. Nikapiga goti, "Shikamoo mzee, naomba nikueleze."

Hakuitikia. Alisema tu, "Huyu harudi. Mtihani fanyeni na Jonsoni wenu."

Sasa nielezeni kwa nini nisichanganyikiwe. Editha ndiye msomaji wangu. Watu wazima walimletea karatasi za dawa awasomee, na hata ile theluji ya yule mwehu wa mbao miguuni yeye peke yake aliielewa. Alikuwa na njia nyeupe mbele yake, na njia hiyo sasa imefungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki, inapelekwa kupalilia maharage, mtihani uko mlangoni, na aliyeifunga si baba yake bali ni mimi na ubunifu wangu.

Nikaenda kwake kuomba msamaha. Alikataa kutoka ndani. Akamtuma Editha mlangoni, mtoto macho chini, aniambie kwamba mzee amechekwa mbele ya watu, kwa hiyo ataongea mbele ya watu. Akampelekea mwenyekiti wa kijiji mashtaka, na mwenyekiti, ambaye bila shaka alikuwa hajapata burudani muda mrefu, akaitisha mkutano kwenye uwanja wa ghala la kahawa, na akaagiza wanafunzi waje.

Watu walijaa kuliko siku ya chanjo ya ng'ombe. Mkuu wa shule alikaa mbele na wazee. Alipoulizwa kama anaijua karatasi ile, alikohoa, akasema, "Niliiona kwa juu juu tu, sikuisoma." Kwa juu juu! Meza yake nadhani bado inauma.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, habari hii umemwandika Mzee Laurian?"

"Hapana mwenyekiti, nimeitunga, mtu huyo hayupo."

"Basi tuwaulize watoto, watoto hawadanganyi." Akamwita Projestus. "Wewe kijana, Mista Jonsoni anachelewa maziko. Kweli si kweli?"

Projestus akasimama wima, mikono nyuma. "Kweli, kwa mujibu wa habari."

"Na anakula?"

"Kweli. Aya ya pili."

"Na wewe mtu huyo unamfahamu?"

"Habari haijasema, mwenyekiti."

Watu wakaanza kucheka chini chini. Mwenyekiti akakunja uso. "Acha mambo ya habari! Jibu kwa akili yako!"

"Madam ametukataza."

Hapo uwanja ulipasuka. Nikaona huyu mtoto ananimaliza, nami kwa hasira nikapaza sauti, mimi mwenyewe, hakuna aliyenishika ulimi, "Projestus! Jibu kwa akili yako!"

Naye, mtoto mtiifu, akajibu. "Kwa akili yangu, Mista Jonsoni ni Mzee Laurian."

Mawe, mama wee! Kuna mama alikaa chini kabisa kwa kicheko. Mwenyekiti akataka kujua na kichwa walichoipa habari (kwa maana lile swali la mwisho, "andika kichwa cha habari kinachofaa", liko kila mtihani), na msichana mmoja akasema kwa sauti safi ya darasani kwamba yeye alikiita Tumbo Kwanza. Nilitamani ghala liniangukie. Na mnajua kilichoniudhi kuliko vyote? Hao waliokuwa wanacheka ndio waliokuwa wakimsema yule mzee siku zote. Mimi sikuwaletea kitu kipya. Niliwapa tu jina la kumwitia.

Mzee Laurian akasimama. "Mmesikia," akasema, "sina la kuongeza. Binti yangu hasomi hapo."

Ndipo nikaona mkono umenyooshwa nyuma yake. Umenyooshwa kama darasani, kiwiko kimekaza. Editha. Mwenyekiti akamruhusu, akasogea mbele.

"Habari haijasema kwa nini anachelewa," akasema. "Hilo swali madam hakuliuliza."

Baba yake akamwita jina, kwa sauti ya chini. Hakunyamaza.

"Tulipokuwa Songambele, kabla ya kuhamia hapa, mama alipofariki baba alichimba na mdogo wake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Baba mdogo alikuwa chini, udongo ukaporomoka ukamfunika. Baba alimfukua kwa mikono, akamtoa ameshakata roho. Tangu hapo hawezi kusimama penye kaburi lililo wazi. Huwa anafika mapema kuliko nyinyi wote. Anakaa kwenye migomba ya jirani anasubiri mpaka mmalize, na redio anaifungulia ili asisikie majembe."

Yule mwanamume wa masufuria alianza kuangalia viatu vyake kama vya kuazima. Mzee Laurian alikuwa amevua kofia, ameishika mbele ya tumbo, na msidhani alikuwa na uso wa mtu aliyetetewa. Alikuwa na uso wa mtu aliyevuliwa nguo. Mwenyekiti akasema mkutano umefungwa, watu wakatawanyika bila kuagana, kila mmoja akimpitia mzee kwa mbali. Hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi. Nilipojikaza kumwendea alikuwa ameshaondoka, binti yake hatua chache nyuma.

Na hapo hapo mkuu wa shule akanijia, anatabasamu. "Madam, umeona mtoto anavyojieleza? Hii ni sifa kwa shule." Nilichomjibu sikiandiki, maana mama yangu bado anasali jumuiya. Itoshe kusema kwamba mpaka leo akitaka kitu kwangu anamtuma mlinzi.

Usiku sikulala vizuri, nikijua nimempoteza. Lakini asubuhi, tukiwa mstarini, bodaboda ikaingia getini na godoro nyuma. Mzee Laurian akashuka, akamshusha Editha, akamkabidhi mfuko wa maharage. Nikapiga goti, nikamwamkia. Safari hii aliitikia, "Marahaba." Nikaanza kuomba msamaha, nilikuwa nimeyapanga maneno, akanizuia kwa kiganja.

"Kusoma umemfundisha vizuri, mwalimu," akasema. "Mimi miaka yote nilikuwa namfundisha kunyamaza."

Akapanda pikipiki, akaondoka. Editha akaingia darasani, akafungua daftari, na siku ya mtihani alifanya kama wenzake, na ufahamu alipotoka aliniambia ulikuwa mwepesi. Sikuthubutu kumuuliza ulihusu nini.

Kwa hiyo mkinialika kwenye semina nikaeleze mbinu zangu, siji. Nimeapa kutomtunga tena mtu mwenye kosa kwa ajili ya maksi, hata nimvike jina la Ulaya. Na misibani siku hizi naenda asubuhi, nakaa kwenye masufuria, mwiko ninao mimi. Mtu akitokea kwenye migomba kaburi likiwa limeshafukiwa, nampakulia wa kwanza, sahani imejaa, na anayefungua mdomo kusema kitu namgeukia na ule mwiko.